Uchungu Uliomo Chunguni: Vyakula-Tiba vya Afrika Magharibi na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Mswahili anayefika kwa mara ya kwanza katika soko la Kano au la Tamale na kuwasikia wauzaji wakinadi dawadawa huenda akadhani amepotelea kwenye kibanda cha mganga. Akikaribia, atapokewa na harufu kali ya madonge meusi, kisha ataambiwa kwamba hicho ni kiungo cha mchuzi, kinachotengenezwa kwa mbegu za mti uitwao Parkia biglobosa. Mbegu hizo huchemshwa kwa saa nyingi, huambuliwa maganda, kisha huvundikwa kwa siku kadhaa mpaka zichachuke. Neno lenyewe ni la Kihausa, ambamo pia hutamkwa daddawa, na halina uhusiano wowote na neno dawa la Kiswahili, ambalo asili yake ni Kiarabu. Mhausa akitaka dawa husema magani. Hata hivyo, mgeni huyo hangekuwa amekosea sana. Wapishi wengi wa eneo hilo watamweleza kwamba kiungo hicho hukoleza mchuzi na vilevile humfaa mtu mwenye shinikizo la damu. Wameshika mwiko kwa mkono mmoja na dawa kwa mkono wa pili, wala hawaoni ajabu yoyote.

Suala linalojadiliwa hapa ni la mimea inayoliwa ambayo pia hutumiwa kuponya au kukinga maradhi katika jadi za Afrika Magharibi. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza suala hilo linatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili, maadamu si la fasihi wala si la isimu. Msimamo wa makala haya ni kwamba linahusu yote mawili. Maarifa ya tiba ya jadi huishi ndani ya lugha: katika jina la mmea, katika kitenzi kinachoeleza namna unavyoandaliwa, na katika maneno ya kipimo na ya wakati. Maneno hayo yanapofifia, maarifa hugeuka kuwa uvumi, na uvumi umewahi kuua. Kwa hivyo, mazoea ya kuikusanya mimea yote chini ya neno moja, mitishamba, kisha kuisifu au kuibeza kwa jumla, ni kosa la kilugha kabla ya kuwa kosa la kitabibu.

Chungu Kabla ya Mkoba wa Mganga

Anapotajwa mganga wa Afrika Magharibi, fikra za wengi humwendea mzee aliyejaa hirizi na kuzungukwa na vibuyu. Ni kweli kwamba waganga wapo, nao wana majina ya heshima: dibia kwa Waigbo, babalawo na onisegun kwa Wayoruba. Lakini sehemu kubwa ya tiba ya kila siku haifiki kwao. Huanzia jikoni na kuishia jikoni, mikononi mwa akina mama na akina nyanya.

Mfano bora ni ule wa mmea ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Waigbo huuita onugbu, Wayoruba huuita ewuro, na Wahausa huuita shuwaka. Baadhi ya Waswahili huuita mtukutu. Jani lake ni chungu kama shubiri. Mpishi wa Kiigbo hulifikicha kwa mikono ndani ya maji mpaka povu litoke, akayamwaga maji hayo, akaweka mengine, akafikicha tena, mpaka abakishe kiasi cha uchungu anachokitaka. Hapo ndipo majani hutiwa katika mchuzi mzito pamoja na samaki na nyama. Nchini Kameruni, jani la jamii hiyohiyo ndilo msingi wa chakula mashuhuri kiitwacho ndole. Lakini maji yale ya kwanza hayamwagwi na kila mtu. Wapo wanaoyanywa kwa ajili ya homa, maumivu ya tumbo au kisukari. Jani ni lilelile. Linalotofautisha dawa na mboga ni idadi ya maji yaliyobadilishwa, na idadi hiyo haimo katika jani. Imo katika kichwa cha mpishi.

Maarifa ya mmea huu si ya Afrika Magharibi peke yake, na huenda si ya binadamu peke yake. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike aliyeonekana mgonjwa akimenya tawi changa la mmea huu, akatafuna kiini chake na kufyonza maji yake machungu. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1989. Wenyeji wa sehemu hizo nao hutumia mmea uo huo kwa maradhi ya tumbo. Kwa hivyo, anayechunguza chungu cha Mwigbo anachunguza pia msitu ulio karibu na kwake.

Mifano mingine ni mingi. Mwanamke wa Kiigbo anapojifungua hupikiwa mchuzi mwepesi wa viazi vikuu na samaki mkavu, wenye pilipili nyingi na viungo viwili ambavyo havikosi: uda, ambalo ni tunda kavu jeusi la mti Xylopia aethiopica, na uziza, ambayo ni pilipili ya mwituni iitwayo Piper guineense. Inaaminiwa kwamba mchuzi huo husafisha tumbo la uzazi na kuyavuta maziwa. Waakan wa Ghana nao humpa mzazi mchuzi wa chikichi uliotumbukizwa prekese, ganda refu la kahawia lenye mbawa nne na harufu tamu. Uda huohuo, ukivuka hadi Senegali, hubadili jina na kazi. Huitwa djar, hukaangwa na kusagwa pamoja na buni, na kinywaji kinachopatikana hujulikana kama kahawa ya Touba, kwa jina la mji mtakatifu wa Wamuridi. Asubuhi, au wakati wa kufuturu mwezi wa Ramadhani, Wasenegali wengi hunywa chai ya majani ya kinkeliba, na majani hayohayo hutumiwa kwa maradhi ya ini.

Mbuyu nao haukusahauliwa. Wakati mtoto wa Mombasa anaujua zaidi kwa peremende nyekundu za mabuyu, Mwolof hukausha majani yake na kuyasaga kuwa unga uitwao lalo, nao Wahausa huuita unga huo kuka. Unga huo huufanya mchuzi kuwa mzito na wenye mlenda. Ubuyu wenyewe, ambao una vitamini C kwa wingi, hukorogwa kwa maji na kupewa mtoto anayeharisha. Hakuna anayemwita mganga kwa ajili hiyo. Anayeitwa ni nyanya.

Maarifa Yaliyohifadhiwa katika Majina

Mwanaisimu anayeyatazama haya yote hawezi kukosa kuona jinsi lugha ilivyofanywa ghala. Katika Kibambara, neno fura hutumiwa kwa maana ya jani na vilevile kwa maana ya dawa, na mganga huitwa furakela, yaani mtenda-dawa. Lugha yenyewe imekwisha kutoa hoja kabla ya mtu kufungua kinywa: asili ya dawa ni jani.

Kwa Wayoruba uhusiano huo umekwenda mbali zaidi. Pierre Verger, Mfaransa aliyeishi Brazili na kuingizwa katika daraja ya babalawo, alionyesha katika kitabu chake Ewé (1995) kwamba dawa nyingi za Kiyoruba huambatana na maneno maalumu yanayotamkwa wakati wa kuziandaa. Katika maneno hayo, silabi fulani ya jina la mmea hurudiwa ndani ya kitenzi kinachotaja kazi inayotarajiwa. Mwanafunzi wa ushairi atatambua mara moja kwamba hii ni takriri, ile ile inayofundishwa katika mihadhara ya fasihi simulizi. Lakini hapa takriri haikuwekwa kwa ajili ya kupendeza masikio. Imewekwa ili mwanafunzi wa uganga asisahau jani gani ni la kazi gani. Utungo ni kumbukumbu, na jina likibadilishwa au likitafsiriwa kwa pupa, kumbukumbu nzima huvunjika.

Jambo hili linamgusa moja kwa moja anayesoma au kutafsiri fasihi ya Afrika Magharibi. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ambayo Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo (1973), imejaa mimea ya aina hii. Wageni hukaribishwa kwa kola na kwa mbegu kali za jamii ya tangawizi ambazo Waigbo huziita ose oji. Mchuzi wa jani chungu huliwa karamuni. Binti yake Okonkwo, Ezinma, aliposhikwa na homa, baba huyo mkali aliingia mwenyewe porini kuchuma majani, nyasi na magome, akayachemsha, na mtoto akafunikwa juu ya chungu cha mvuke. Mwalimu ambaye hajui mimea hiyo atalisoma tukio hili kama mapambo ya kienyeji. Anayeijua ataona kwamba mwandishi amemwonyesha Okonkwo katika upande wake ambao hauonekani uwanjani: mzazi anayejua kipimo, anayeagiza chungu kiangaliwe kisifurike. Kiswahili kina neno hasa kwa tiba hiyo, nalo ni nyungu. Neno moja hilo hubeba chungu, majani, blanketi na jasho. Palipo na neno la namna hiyo, kueleza kwa sentensi tatu ni kupoteza.

Tatizo ni kwamba si kila mahali pana neno, na palipo na neno mara nyingi maana yake haikuelezwa. Wanafunzi wote wa Kiswahili wamewahi kufungua kamusi wakitafuta jina la mmea na kukuta maelezo mafupi kwamba ni aina ya mti, au ni aina ya mmea utumiwao kwa dawa. Mti gani? Unaota wapi? Dawa ya nini? Ni mzizi au ni jani? Msomaji hutoka alivyoingia. Linganisha hali hiyo na kazi ya J. M. Dalziel kuhusu mimea yenye manufaa ya Afrika Magharibi, iliyochapishwa mwaka 1937, na toleo lake jipya la juzuu kadhaa lililoanza kutolewa na H. M. Burkill mwaka 1985. Humo kila mmea umewekewa majina yake katika lugha kadha wa kadha za eneo hilo, pamoja na sehemu zinazotumiwa na namna ya kuzitumia. Ni kweli kwamba Afrika Mashariki nayo ina kazi ya J. O. Kokwaro kuhusu mimea-tiba, iliyotoka mwaka 1976. Lakini kazi zote hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Majina ya Kiafrika yamo ndani yake kama wageni waliokaribishwa sebuleni, huku maelezo yakitolewa kwa lugha ya mwenye nyumba.

Neno Likipotea, Mtu Hupotea

Yupo atakayesema kwamba haya ni malalamiko ya wapenda kamusi. Matukio mawili yatosha kumjibu.

La kwanza ni la tunda liitwalo aki, ambalo Wayoruba huliita ishin. Mti wake ni wa asili ya Afrika Magharibi, ingawa umepata umaarufu mkubwa zaidi Jamaika, ambako tunda hilo ni alama ya taifa. Nyama yake ya rangi ya malai ni chakula kizuri, na sehemu nyingine za mti hutumiwa katika tiba za jadi. Lakini tunda hilo likichumwa kabla ya kupasuka lenyewe mtini, huwa na sumu iitwayo haipoglisini, ambayo huteremsha sukari ya damu ghafla. Kati ya Januari na Mei mwaka 1998, nchini Burkina Faso, watoto 29 wenye umri wa kati ya miaka 2 na 6 walifariki kwa ugonjwa ambao watafiti waliuhusisha na kula aki mbichi. Chakula na sumu hapa vimo katika tunda moja, na kinachovitenganisha ni neno moja tu: limepasuka. Anayemwambia mtoto kwamba tunda hilo ni zuri bila kumwambia lini ni zuri amempa nusu ya maarifa, na nusu hiyo ni hatari kuliko ujinga mtupu.

Tukio la pili ni la kola chungu, mbegu ya mti Garcinia kola, ambayo Wayoruba huiita orogbo. Hutafunwa katika mazungumzo na sherehe, na huaminiwa kuwa dawa ya kikohozi. Mwaka 1999 zilitangazwa habari kwamba viambato vya mbegu hiyo vilionyesha uwezo wa kuzuia virusi vya Ebola katika maabara. Katika maabara, si katika mwili wa mtu. Ebola ilipoingia Nigeria mwaka 2014, sehemu ile ya mwisho ya sentensi ilikuwa imekwisha kudondoka njiani. Watu wengi wakakimbilia kutafuna kola chungu wakiamini kwamba ni kinga, na uvumi mwingine ukawashawishi wengine kunywa maji ya chumvi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Agosti mwaka huo kwamba watu wasiopungua wawili nchini Nigeria walikuwa wamefariki kwa kunywa maji hayo. Kilichoiokoa Nigeria ni kazi ngumu ya kuwatafuta na kuwafuatilia wote waliokaribiana na wagonjwa. Nchi hiyo ilitangazwa kuwa huru kutokana na ugonjwa huo tarehe 20 Oktoba 2014, baada ya watu 20 kuugua na 8 kufariki.

Haifai kuutumia mkasa huo kuidharau kola chungu. Mbegu hiyo haikumdanganya mtu. Waliodanganya ni maneno yaliyotamkwa nusu. Vitenzi kama kuzuia, kutuliza, kukinga na kuponya vina maana tofauti, na anayevitumia kana kwamba ni visawe anacheza na roho za watu. Hapa ndipo mwanafunzi wa semantiki anapoweza kuokoa maisha bila ya kushika sindano.

Ni Mali ya Nani?

Suala jingine ni la umilikaji. Nchini Nigeria, Taasisi ya Kitaifa ya Utafiti na Ustawishaji wa Dawa, iliyoko Abuja, ilitengeneza dawa iitwayo Niprisan kwa ajili ya selimundu, ugonjwa ambamo chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kumletea mgonjwa maumivu makali. Asili ya dawa hiyo ni mchanganyiko uliotoka kwa mganga mmoja wa jadi wa Kiyoruba, ambaye taasisi hiyo ilifanya naye makubaliano. Viungo vyake ni vinne: mbegu za pilipili ya mwituni, yaani uziza, shina la mti Pterocarpus osun, majani ya mtama, na karafuu.

Orodha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Viwili kati ya vinne ni viungo vya jikoni. Majani ya mtama yenyewe hutumiwa Ghana kuupa wali na kunde rangi nyekundu katika chakula kiitwacho waakye. Karafuu, ambayo kwa Mswahili ni Pemba na Unguja, si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka visiwa vya Maluku. Hali kadhalika, mronge, ambao Wahausa huuita zogale na kuyala majani yake kama mboga na dawa, asili yake ni kaskazini ya Bara Hindi. Jadi, basi, si jiwe lililolala mahali pamoja tangu kuumbwa kwa dunia. Mganga wa Kiyoruba alichukua kilichofaa popote kilipotoka, sawa na Kiswahili kilivyochukua maneno. Anayedai kwamba jadi ya Kiafrika ni ile tu isiyochanganyika na chochote haijui jadi hiyo.

Yaliyoifika dawa yenyewe ni somo chungu. Majaribio yaliyofanywa Nigeria, ingawa yalihusisha wagonjwa wachache, yalionyesha kupungua kwa vipindi vya maumivu. Haki ya kuitengeneza ilipewa kampuni moja ya Marekani, na mwaka 2006 dawa ikaingia sokoni kwa jina la Nicosan. Mwaka 2008 kampuni hiyo ikafilisika, na utengenezaji ukakwama. Wagonjwa waliokuwa wakiitegemea wakabaki mikono mitupu, ilhali viungo vyote vinne vilikuwa vikiuzwa sokoni kama kawaida. Mfano wa mbuyu ni wa namna nyingine. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa huko mwaka 2008, ukiuweka katika kundi la vyakula vipya. Vipya kwa nani? Chakula ambacho Mwolof na Mhausa wamekila kwa karne nyingi kilizaliwa upya siku kilipopewa jina katika lugha nyingine.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka jamii zenye maarifa ya jadi zigawiwe manufaa yanayotokana nayo, na Kenya yenyewe ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Lakini sheria haiwezi kulinda kisichotajika. Jamii ikitakiwa kuthibitisha kwamba ilijua matumizi ya mmea fulani, ushahidi wake wa kwanza ni jina, methali, wimbo na maelezo ya wazee. Hiyo ndiyo mali inayochunguzwa na idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika.

Pingamizi na Majibu

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba mimea mingi haijathibitishwa kisayansi, na kuiandika katika kamusi ni kuipa heshima isiyostahili. Waswahili husema, Mgala muue na haki yake mpe. Ni kweli kwamba matokeo mengi yanayotangazwa ni ya maabara au ya panya, na kwamba mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa za hospitali kwa sababu ya maji ya onugbu anajihatarisha. Lakini nchi za Afrika Magharibi zimeonyesha kwamba jibu la mashaka ni uchunguzi. Ghana ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea-tiba huko Mampong-Akuapem mwaka 1975, chini ya daktari Oku Ampofo, ikapitisha sheria ya tiba ya jadi mwaka 2000, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Kwame Nkrumah kikaanzisha shahada ya tiba ya mimea mwaka 2001. Mali nayo ina idara ya serikali ya tiba ya jadi mjini Bamako, ambayo imetengeneza dawa zilizoboreshwa, mojawapo ikitokana na kinkeliba. Mwanasayansi hawezi kuchunguza mmea usiojulikana jina wala namna ya kuuandaa. Kuandika si kuthibitisha. Ni kumwekea mthibitishaji mahali pa kuanzia.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili kina mzigo wake wa kutosha, na Afrika Magharibi ina lugha zake. Hoja hii ingekuwa na uzito endapo Kiswahili kingekuwa na tamaa ndogo. Lakini tangu miaka ya 1970, Wole Soyinka, ambaye ni Myoruba, alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Chuo Kikuu cha Ghana kimekifundisha kwa miongo kadhaa. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Lugha inayotaka kusemwa Accra na Bamako haina budi kujua watu wa Accra na Bamako wanakula nini na wanajitibu kwa nini. Haiwezi kuwaendea na neno moja la mitishamba na kutaraji kupokewa.

Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa si makubwa. Kwanza, tasnifu za shahada za kwanza na za uzamili katika Kiswahili zisiogope jikoni. Mwanafunzi mmoja akikusanya majina ishirini ya mimea inayoliwa na kutibu katika kijiji kimoja cha pwani au cha bara, akamwuliza mpishi wala si mganga peke yake, atakuwa ameongeza kitu ambacho hakikuwepo. Akutane na mwenzake wa mimea katika kitivo cha sayansi ili wathibitishe pamoja kwamba mtukutu wa huyu ndio onugbu wa yule, kwa maana majina hudanganya. Pili, kila kidahizo cha mmea katika kamusi zijazo kijibu maswali machache: mmea unaitwaje kitaalamu, sehemu gani hutumiwa, ikiwa katika hali gani, kwa kuandaliwa vipi, kwa ajili ya nini, na ni hatari lini. Kidahizo cha aki kisichotaja kupasuka hakijakamilika. Tatu, wafasiri wa fasihi ya Afrika Magharibi wathubutu kuyaacha majina ya mimea jinsi yalivyo pale Kiswahili kisipokuwa na jina, badala ya kuyafuta kwa kuandika mboga au majani fulani. Kiswahili kilipokea chapati, sambusa na biriani bila ya kupungukiwa na chochote. Hakitadhurika kwa kupokea onugbu na prekese.

Wazee wanaoyajua haya hawadumu. Mpishi wa Kiigbo ambaye mkono wake unajua ni maji ya ngapi yanayofaa kumwagwa na ni yapi yanayofaa kunywewa hajaandika popote, na binti yake huenda ananunua majani yaliyokwisha kuoshwa na kukaushwa. Hali ni iyo hiyo Kwale, Siaya na Kitui. Anayetaka kuuliza ana muda mfupi, na swali lenyewe ni rahisi: nyanya, unafikicha mara ngapi?